Dawa ya Myriam mu muvure ya pombe

Kitshanga, mu kambi, chini ya masoko
Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2008

Mpendwa mutoto wangu Kétsia,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Uko muzima? Ile jino yenye ilikuwa inakuuma, waliitoa? Bwana yako Jules naye, kazi yake iko? Huko Lubumbashi mvua imeanza ao mungali mu vumbi?

Mimi papa yako mukubwa Esdras niko. Mugongo inauma lakini inatumika. Barua yako ya mwezi wa saba ilifika mwezi wa kumi. Ilipita Walikale, ikalala Buleusa, ikaingia huku ndani ya gunia ya mihogo. Ingali inanuka mihogo. Niliisoma mara mingi. Asante juu haukutusahau.

Huku barabara imefungwa. Upande wa Sake vita. Upande wa Rutshuru vita. Kuenda Walikale ni pori, na mu pori muko watu wenye kukuuliza wewe ni wa nani. Tuko sawa panya mu chungu. Usiniulize nani anapigana na nani. Wao wanabadilikaka. Sisi tunabaki paka sisi tu.

Bâche yetu, ile turubai ya nyumba, ilipasuka, niliishona na kamba ya mugomba. Maji inaingia upande wa miguu tu. Tunashukuru.

Sasa habari ya dada yako Myriam. Ni juu yake nimekamata bic.

Myriam iko mugonjwa kupita vile nilikuandikiaka. Mu kinywa yake muko shampinyo, ugonjwa ya ukungu, nyeupe sawa maziwa ya kuganda. Ilianza ku ulimi. Sasa imeshuka mu koo. Akimeza mate tu, machozi inatoka. Fufu hawezi. Ndizi ya kuponda hawezi. Ni paka buyi, uji ya mutama, mwepesi sana, na anaikunywaka kwa kusimama, anashika muti ya nyumba, anafunga macho.

Muganga wa poste ya kambi ni Grégoire, kijana wa Masisi, muntu wa pole. Alisema damu ya Myriam haina askari. Ni ule ugonjwa bwana yake alimuachia mbele ya kufa. Unaelewa, siandiki jina. Ona sasa. Inje askari wamejaa barabara yote. Ndani ya damu yake wamekosekana.

Grégoire alimupa dawa ya jelile, ile ya kumeza yenye poda ndani, fluconazole. Mwanzo ilisaidia sana. Kinywa ikatakata, akakula sombe, akatukana jirani juu ya kuku, nikajua mutoto wangu amerudi. Kisha barabara ikafungwa. Dawa ikaanza kuja kidogo, kukosekana, kuja tena. Alikunywa akaacha, akakunywa akaacha. Shampinyo ikarudi na nguvu. Kisha poste ikabaki bila kitu.

Njo nikaenda kwa Mama Kavira. Ni muchuuzi wa Butembo, mukatoliki, iko na butike pembeni ya masoko. Anauzisha sabuni, chumvi, betri na dawa. Vita ilimufungia hapa sawa sisi. Alikuwa na jelile ile ile, jina ile ile ku karatasi. Nilinunua. Myriam alikunywa vile Grégoire alisema, bila kuruka siku. Hakuna kitu. Nyeupe ilibaki nyeupe.

Watu wote wakasema dawa ni ya bongo, ya uongo. Hapa tunajua ile mambo. Kuko watu wanajaza unga mu jelile, wanauzisha wagonjwa. Nami nikasema ni bongo. Nilienda ku butike siku ya soko, watu wamejaa, nikasema kwa sauti kama anauzisha chokaa. Hakupaza sauti.

"Papa Esdras," akasema, "mama yangu mwenyewe anakunywaka dawa ya hii etajere. Unafikiri minamuua polepole juu ya urithi wa masanduku ya sabuni?"

Wengine wakacheka. Lakini wengine wakarudisha dawa yenye walikuwa nayo mukononi, wakatoka. Nilirudi nyumbani na furaha.

Nakuambia ile furaha ilitoka wapi. Kama dawa ni ya bongo, basi ya kweli iko fasi. Kazi yangu ni kuitafuta. Lakini kama dawa ni ya kweli na haimuponyi, niende wapi? Grégoire alishaniambia pembeni, shampinyo inaweza kuzoea dawa. Nikamuuliza, tutajua namna gani? Akasema mashini ya kujua iko Goma. Goma iko ng'ambo ya vita. Basi kila asubui nilikuwa naomba Mungu ikuwe wameniiba. Haujasikia muntu kuomba vile, hata mimi sijasikia.

Ile wakati barua yako ikafika, na ile maneno ya kazi yako mu labo ya iniversite. Uliandika munalisha chachu mu chupa, ni ndugu na ile ya pombe, ni ndugu tena na shampinyo ya watu. Uliandika ndani yake muko kintu kidogo kinaitwa anzime. Munaitoa, kisha munaangalia kama chachu inakomea, inakua tena, na kama dawa inaiua kwa haraka.

Mimi sikusoma mingi, unajua. Nimeelewa hivi. Chachu iko nyumba. Ndani muko watumikaji. Mumoja kazi yake ni kujenga ngozi ya ile nyumba. Ukimufukuza, nyumba inakonda, haikomei muzuri, na dawa ikikuja inaikuta bila nguvu. Lakini dawa ya Myriam haifukuzi muntu. Inamushika tu mutumikaji mukono, asijenge. Na chachu ingine iko na akili. Inaita watumikaji wengi wa kazi ile ile. Dawa inashika huyu, wale wengine wanaendelea kujenga. Kama nimekosea utanisahihisha. Lakini nafikiri sikukosea, juu mimi ni mutumikaji na ninajua vile wanatuita ku kazi.

Niliwaza kitu kimoja. Mu labo yenu munajua kumutoa ule mutumikaji. Mu koo ya Myriam nani atamutoa?

Sasa sikia yenye ilifanyika.

Kazi yangu hapa ni kukanyaga ndizi kwa Mama Nyiransabimana. Anapikaka kasiksi, pombe ya ndizi, nyuma ya kanisa. Iko na muvure mbili, ile miti ya kuchimba ndani, ndefu sawa kitanda. Ndizi zikiiva mu shimo tunazimenya, tunatia majani, nakanyaga paka maji itoke. Kisha mama anatia unga ya mutama ya kukaanga. Ile unga njo inaletaka chachu. Anafunika. Kesho yake pombe inafura yenyewe. Ukiweka sikio unasikia inasema sawa watu wanaongea mu nyumba ya jirani.

Myriam hakuweza tena kumeza jelile nzima. Nilifungua zote zenye zilibaki, nikamwanga ile poda mu unga ya mutama ya buyi yake, nikachanganya, nikatia mu mukebe ya maziwa. Lakini mu kambi wenye bunduki wanapekuaka. Wakiona dawa wanakamata. Basi nilipeleka mukebe kwa Nyiransabimana, nikaiweka katikati ya mikebe yake ya unga. Hakuna askari anaibaka unga ya pombe. Wanangojaka pombe.

Sikumuambia mama. Maneno ikipita mu kinywa mbili inafika barrière ya askari.

Siku ya kazi nikakanyaga muvure zote mbili. Mama akatia unga. Kwa ile ya pili unga yake ikapunguka, akakamata mukebe yangu. Hakujua.

Asubui muvure ya kwanza ikafura paka povu inasukuma majani. Ya pili kimya. Kesho yake tena kimya. Sukari tupu, sawa juisi ya watoto. Nyiransabimana akaniita. Mimi bado sikujua kitu.

Akasema ni mikono yangu. Unajua desturi. Mwanaume akifiwa bibi, watu wa kwao na bibi njo wanamusafishaka mikono na kumurudisha ku kazi ya watu wengine. Bibi yangu Élisabeth alikufa mwaka jana mu kukimbia. Watu wa kwao wako Buleusa, ng'ambo. Hakuna muntu alinisafisha. Mama alijua, aliniita ku kazi hivyo hivyo juu ya huruma, na sasa akaona huruma imemurudilia.

Majirani walikuwa wanasikiliza. Mumoja akasema mujane wa kiume ni sawa chumvi mu chai, usijaribu. Nilikasirika. Nikasema, "Mama, ni miguu hii hii ilikanyaga zote mbili. Kwa nini imeua moja tu?"

Akaenda kuleta unga yake, aonyeshe kama unga haikuwa na kosa. Akaleta mukebe. Niliona ile mukebe, ni yangu ya maziwa, nikakaa mu maganda ya ndizi.

Nikamuambia yote. Yeye akauliza, "Basi pombe yangu njo ilikunywa dawa ya Myriam?" Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya mbali. Ile maneno yako ilikuwa inanifuata. Chachu ya pombe ni ndugu ya shampinyo. Kama jelile za Kavira zilikuwa chokaa, pombe ingefura. Chokaa hailalishi chachu. Muvure ya kwanza na ya pili ni ndizi moja, miguu moja, siku moja. Tofauti ni dawa tu. Basi dawa ni ya kweli. Kavira hakuniiba. Ni shampinyo ya mutoto wangu njo imekataa.

Kétsia, sijawahi kuumia juu muntu ni muaminifu. Ile siku niliumia.

Grégoire alikuja kuona muvure. Alitia kidole, akaonja, akasema pombe haiko labo, nisiape juu yake. Lakini alikaa chini pembeni yangu, na muganga akikaa chini unajua. Akasema kuko dawa ingine, ya serumu, ya kutia mu mushipa. Ile haishiki mutumikaji mukono. Inatoboa ngozi ya nyumba yenyewe. Ni kali, inapiga mafigo, inaomba hospitali na watu wa kuchunga. Iko Goma tu. Alisema hata tukipata jelile zingine mia, ni kupoteza siku za Myriam.

Myriam nilimuelezea mangaribi. Alikuwa amelala, kinywa wazi. Nilifikiri atalia. Akacheka paka midomo ikapasuka. "Papa," akasema, "ile pombe imepona shampinyo. Mimi njo nimebaki nayo." Kisha akaomba nisimuambie tena kitu cha kuchekesha, inamuumiza.

Kwa Kavira nilienda pia siku ya soko, watu wamejaa vilevile, juu maneno ya kwanza niliisema mbele ya watu. Nikasema dawa yake ni ya kweli, nikaeleza habari ya muvure. Wengine wakapiga makofi. Yeye hapana. Aliacha kupima chumvi.

"Papa Esdras," akasema, "leo ningependa ile siku ya kwanza ukuwe ulisema kweli."

Akaingia nyuma, akatoka na bâche mupya, ingali na mikunjo, akasema ni ya kufunika Myriam mu njia. Hatukusema kitu ya safari bado. Yeye alishajua.

Safari ni hivi. Barabara ya Sake haipitiki na gari. Lakini muguu inapita mu vilima vya Masisi, kushuka paka Shasha ku ziwa. Pale iko shangazi yako Camille na bwana yake muvuvi. Kutoka Shasha kuko boti ya kuenda Goma, kama ziwa haijafungwa nayo.

Myriam hawezi kutembea. Kilima cha hapa kiko na kipoyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, lakini kipoyi ni ya wale wenye kubebana kwa zamu. Mimi ni mukimbizi, sina zamu, sijabeba muntu wao hata mumoja. Niliomba, wakanijibu vizuri na hawakukuja. Na bila pombe hakuna muntu anaweza kuita wabebaji. Muvure ya kwanza ilikuwa ya Nyiransabimana ya kuuzisha, ya pili niliiua.

Sikumuomba. Yeye mwenyewe aliwaita wanaume, akafungua muvure ya kwanza, akawatilia. Walikuwa wanaangalia kikombe. Akasema, "Kunyweni. Ni ya mujane. Mukikufa mutaniambia." Wakakunywa. Hakuna aliyekufa. Mumoja akasema kama mikono ya Papa Esdras inatoa kasiksi ya namna hii, asafishwe ya nini. Wakakubali kubeba Myriam paka kilima cha mwisho mbele ya mustari wa vita. Kupita pale hapana, wako na watoto. Siwalaumu.

Kutoka pale nitamubeba ku mugongo. Zamani nisingeweza. Sasa amekuwa mwepesi sawa mufuko ya majani ya maharagi. Hiyo njo kitu kimoja ugonjwa ilitusaidia.

Tulikuwa tumepanga kungoja. Watu walisema juma ijayo labda vita inapungua. Grégoire naye alisema tungoje mvua ilegee. Myriam alikuwa anakubali, juu anaogopa njia. Nami nilikuwa nakubali. Muntu mwenye amefungwa sana anapendaka kungoja, inafanana na kupumzika.

Lakini ile muvure ya pili hawakuimwanga. Nyiransabimana alisema atawapa nguruwe, akasahau. Kila asubui nikipita naweka sikio, bila sababu. Kimya, kimya. Leo asubui niliweka sikio, nikasikia kitu. Kidogo sana. Nikafunua majani. Povu ilikuwa pembeni, upana wa sarafu.

Nyiransabimana alifurahi, akapiga bigelegele, akaita majirani wakuje kuona pombe imefufuka. Walikuja na furaha. Mimi nilisimama pale. Dawa ingali ndani, hakuna muntu aliitoa. Chachu njo imezoea. Imeita watumikaji wengine. Kama ile ya mu muvure imejifunza kwa siku kidogo hivi, ile ya mu koo ya Myriam imefika wapi?

Nilienda moja kwa moja kuambia wabebaji. Tunaondoka kesho jua likitoka, mvua ao hapana.

Basi nakuomba kitu kimoja. Uliza walimu wako jina ya ile dawa ingine ya serumu. Uiandike na herufi kubwa, juu Goma wakiona Myriam watataka kumupa jelile ile ile, na mimi ni muntu wa kukanyaga ndizi, hawatanisikiliza. Nikiwa na karatasi yenye umeandika wewe, watasoma. Grégoire ameandika yake, lakini karatasi moja inaweza kuloana ao kuchukuliwa ku barrière. Tuma kwa Camille, Shasha; hata ikikawia, atatufikishia Goma. Usiandike tena Kitshanga. Hapa hakutakuwa muntu wa kufungua.

Kama barua inafika na sisi hatujafika, Camille atakuambia.

Nisalimie Jules sana, umuambie namushukuru juu ya viatu, njo vile nitavaa kesho. Nisalimie mama yako, na umuambie asilie mbele, alie kisha kama kuko sababu. Myriam anakusalimia na mukono, kusema inamuuma. Mama Kavira na Mama Nyiransabimana hawakujui, lakini wanakusalimia, juu nimewasomea barua yako.

Mungu akulinde mu ile labo yako, alinde na macho yako, akupe akili ya kupita ya chachu.

Mimi papa yako mukubwa, mwenye kukupenda na kukukumbuka,

Esdras